Nyuki Ndani ya Mlango wa Pikapu

Paskalina mwanangu,

Uko hatua chache tu kutoka hapa nilipokaa. Nakuona kupitia mlango wa kibanda, unaanua nguo zako kwenye kamba na kuzikunja moja moja, na kila ukimaliza moja unauangalia mlima kana kwamba unataka kuukunja na wenyewe uutie kwenye begi uende nao Iringa. Ningeweza kukuita. Lakini nikikuita nitakuuliza kama umeweka sweta, utasema ndiyo mama, na mazungumzo yetu yatakuwa yameishia hapo. Ndivyo tulivyo mimi na wewe. Kwa hiyo nimefunga kazi mapema, nimesogeza pembeni redio ya yule mwenye basi la Endasak, nimekaa na daftari hili wakati bado kuna mwanga.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga kabati la bweni, ya watu wa kujihadhari nao standi, shangazi yako Martha amekueleza tangu Jumapili, na baba yako akirudi shambani ataongeza ya kwake. Mimi nitakuandikia habari za spika ya gari. Usicheke. Au cheka kwanza, kisha endelea kusoma.

Watu wa Katesh wananiita Mama Fundi na wengine wanadhani nilisomea. Sikusomea. Nilikuwa msichana wa Mbulu, wa kukata majani ya ng'ombe, na mjomba wako Bura alikuwa anatengeneza redio kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Siku moja ya baridi aliniita akanionyesha spika iliyotolewa kwenye gari, imelala chali juu ya meza kama sahani. Akachukua ulezi kiganjani akaumwaga juu ya ile karatasi yake nyeusi. Kisha akawasha redio.

Ulezi ukaanza kucheza. Naapa, Paskalina, ulirukaruka kama una miguu. Mtu alikuwa anasoma habari Dar es Salaam, na kila neno lake lilizirusha punje za ulezi wa mama yetu huku Mbulu. Bura akaniambia niweke kidole. Nikaweka. Nikaisikia sauti ya yule mtu kwenye ncha ya kidole changu kabla haijafika sikioni. Nikaondoa mkono kwa woga. Nikaurudisha. Hadi leo sijui kukueleza vizuri nilichosikia siku ile. Karatasi, sumaku na waya uliozungushwa, basi, halafu mtu mzima yuko mle anaongea. Nimefungua mamia ya spika tangu wakati huo, na bado nikiiona ngozi ya spika ikipumua huwa najikuta nimenyamaza.

Sasa nikueleze kosa nililolifanya nikiwa na ujuzi wote huo.

Ulikuwa shule ya bweni wakati lile tope lilipotushukia kutoka mlimani. Ulikuja likizo ukaona mtaa wa Jorodom ulivyokuwa, sina haja ya kurudia. Miezi iliyofuata watu walikuwa wanachimbua magari yao, wanayaosha, wanayapeleka kwa mafundi injini, na mwisho yanaletwa kwangu. Kila spika niliyoitoa mlangoni ilikuwa imejaa udongo mkavu, karatasi imekakamaa, waya umeota kutu. Jibu lilikuwa moja kila siku: imekufa, tuweke nyingine. Mkono ukizoea jibu moja, Paskalina, huacha kuuliza swali.

Ndipo akaja Mzee Gidahoda. Wewe unamwona siku hizi akipita anasimama kunisalimia, unadhani ni mteja kama wengine. Ni mfugaji wa huko chini bondeni, Mbarabaig, mrefu, shuka begani, anaendesha pikapu yake polepole kama anaswaga ng'ombe. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa juu ya tairi pale nje.

"Mama Fundi," akasema, "kwenye gari langu kuna nyuki."

"Nyuki wa kweli, mzee?"

"Nyuki wa sauti. Mke wangu akianza kuimba, na wao wanaanza."

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mjukuu wao alimrekodi kwa simu siku moja akikamua, maana alikuwa na desturi ya kumwimbia ng'ombe ili atulie. Baadaye kijana wa duka la simu akauhamishia wimbo ule kwenye flashi. Mzee aliusikiliza ndani ya pikapu tu. Nyumbani hakutaka, alisema wanawe wakisikia wanalia.

Akachomeka flashi. Sauti ikatoka, ya mama mtu mzima, nzito, iko chini kabisa, kama anaongea na mtu aliyelala. Na kweli, kila alipoteremka kwenye noti ya chini, mlango wa kushoto ulikoroma. Mzzzz. Akipanda juu, kimya. Akishuka, mzzzz.

Sikumaliza hata wimbo. Nikazima. "Spika ya kushoto imekufa, mzee. Tutaweka mpya."

"Hapana," akasema. "Sipendi mpya. Hii ndiyo iliyokuwa inaongea akiwa amekaa pale." Akaonyesha kiti cha abiria.

Basi nikamwambia nitajaribu kuitengeneza, akaenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Nikafungua kava la ndani la mlango. Nikategemea kukuta tope. Hapakuwa na tope, siku ya tope gari lile lilikuwa kwake bondeni, mbali na mlima, na wala halikuguswa. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nisimame nifikiri. Sikusimama. Nikaanza kulegeza skrubu za spika kwa bisibisi, haraka haraka, huku nikiangalia nani anapita barabarani. Na wewe unajua sumaku ya spika ilivyo na tamaa ya chuma. Bisibisi iliteleza kidogo tu, sumaku ikaivuta, ncha ikapita katikati ya karatasi. Nikasikia tap, kama mtu ametoboa ngoma.

Tundu la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Nilitazama ng'ambo. Mzee alikuwa amenipa mgongo, anapuliza chai yake. Nikachukua gundi na kipande cha tishu nikaziba, nikaanika juani, nikaona imekaa vizuri. Nikafunga kila kitu. Nikawasha redio kwa sauti ndogo, dada mmoja alikuwa anasoma matangazo kwa sauti nyembamba, hapakuwa na mkoromo. Mzee aliporudi nikamwambia, "Ilikuwa imechanika, mzee. Ndiyo maana. Nimeiziba."

Akanishukuru. Akanishukuru sana, Paskalina, kwa mikono miwili.

Niliwahi kudhani uongo ni jambo la watu waliopanga. Mimi sikupanga. Ulinitoka mdomoni ukiwa umekwisha kuvaa nguo kabisa, kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni siku zote. Siku tatu zilizofuata nilimkaripia baba yako kwa sababu ya chumvi. Nilimfokea hata shangazi yako kwa kunisalimia nikiwa na kazi. Hakuna aliyejua nina nini.

Siku ya nne pikapu ikarudi. Mzee akashuka, akakaa juu ya tairi lile lile.

"Nyuki bado wapo," akasema. "Na sasa mke wangu anaimba kama mtu mwenye mafua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mganga dalili za mgonjwa. Mimi fundi nilikuwa sijausikia utofauti huo, yeye aliusikia. Gundi ilikuwa imeongeza uzito kwenye karatasi, uzito wa punje chache za ulezi, na mtu aliyeishi na sauti ile miaka arobaini akajua kwamba imeziba pua.

Nilikuwa na njia mbili pale. Ningeweza kusema, mzee, nilikwambia imekufa. Angeniamini. Maneno hayo yalikuwa mdomoni kabisa. Sijui nini kiliyazuia. Labda ni ile mikono miwili.

"Mzee," nikasema, "haikuwa imechanika. Mimi ndiye niliyeitoboa kwa bisibisi, nikakuficha."

Pikipiki mbili zikapita. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua?"

"Siku ile nilipokuja uliniangalia machoni. Nilipoondoka ukaangalia tairi." Akasimama, akajifunga shuka vizuri. "Sasa umeniangalia tena. Haya, tutafute nyuki."

Hakuna neno jingine aliloniambia kuhusu jambo lile, siku ile wala baadaye. Nilijiandaa kufokewa. Fokeo ningelibeba. Ile "haya, tutafute" ndiyo iliyonishinda.

Basi tukatafuta, na safari hii nilifanya kama Bura alivyonifundisha, hatua kwa hatua, kama sijui chochote. Kwanza tukazima injini, tukaacha wimbo upige. Mkoromo ulikuwepo, kwa hiyo hautoki kwenye injini wala waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Nikahamishia sauti yote upande wa kulia, nyuki wakakaa kimya. Nikairudisha kushoto, wakaanza. Nikashindilia kava la mlango kwa viganja vyote viwili huku yule mama akiimba, maana mara nyingi ni klipu tu iliyolegea inayopiga kelele. Haikusaidia. Nikalitoa kava lote, mlango ukabaki mifupa mitupu. Bado.

Mwisho nikafanya jambo ambalo lingenichukua robo saa tu siku ile ya kwanza. Nikaitoa spika ya kushoto nikaifunga mlango wa kulia, na ya kulia nikaileta kushoto. Mzee akawasha wimbo mwenyewe.

Mafua yakahamia kulia. Nyuki wakabaki kushoto.

Nilikaa chini. Unaelewa maana yake, mwanangu? Ile spika haikuwa na kosa lolote. Tangu gari linatoka kiwandani hadi lilipofika mikononi mwangu, ilikuwa nzima, na ugonjwa pekee iliyowahi kuugua ulitoka kwangu mimi niliyekuja kuitibu.

Mzee hakuwa na habari na mawazo yangu. Alikuwa ameuzunguka mlango kwa nje, ameinama, ameweka sikio kwenye bati, macho amefumba. Mkewe anaimba. Yeye anasogeza kidole juu ya bati taratibu, anasimama, anarudi, anashuka. Watu wale, ng'ombe mmoja akikohoa katikati ya mia wanamjua ni yupi. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kuona mtu anasikiliza namna ile. Nilihisi nimeingia kanisani katikati ya sala.

"Hapa," akasema. Kidole kilikuwa chini kabisa, kona ya mbele, mbali na spika.

Nikaitoa tena spika ya kushoto, nikaingiza mkono pale ilipokaa hadi kwenye kiwiko, nikapapasa gizani mle. Chuma cha kufungia mlango. Waya. Kisha kitu cha duara, chembamba, kimening'inia kwenye kile chuma na kugusa bati kwa upande mmoja. Nikakivuta nje.

Bangili ya shaba. Nyembamba, ya kizamani, imeliwa kidogo upande mmoja kwa kuvaliwa.

Sikuhitaji kuuliza ya nani. Mpira wa kioo upande ule ulikuwa umeliwa na jua, na mtu akiegemeza mkono dirishani, kitu chembamba kingeweza kuteleza katikati ya kioo na bati kikazama. Mzee aliichukua akaishika kwa vidole viwili. Akasema kitu kwa lugha yake, sikuelewa. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama anayatafuta maneno moja moja.

"Alipewa na mama yake. Siku tuliyotoka mnadani, hakuiona. Tulirudi kwa miguu barabara yote, mimi upande huu, yeye upande ule, mpaka jua likazama. Mwaka mzima akawa anaangalia chini kila tukipita pale."

"Na ilikuwa hapa," nikasema.

"Ilikuwa hapa. Karibu na mguu wake."

Nikarudisha spika, lakini sikufunga kava. Akawasha wimbo. Mwanangu, sijui kama nitaweza kuliandika hili. Sauti ilishuka kwenye ile noti ya chini, na safari hii ikashuka mpaka mwisho, hapakuwa na kitu cha kuizuia. Tukasikia vitu ambavyo nyuki walikuwa wamevifunika siku zote. Tulisikia maziwa yakiingia kwenye kibuyu, shii, shii. Tulisikia pumzi yake kabla ya kila mstari. Na mwishoni, ambapo mimi sikuwahi kuacha wimbo ufike, alicheka. Kicheko kifupi, halafu maneno matatu manne, halafu kimya.

Mzee alikuwa amesimama ameshika mlango kwa mkono wenye bangili. "Hayo maneno sikuwahi kuyasikia," akasema.

"Anasema nini?"

"Anamwambia ng'ombe: tulia, mzee wako anakuja."

Sisi wawili tulisimama pale barabarani, mimi Mwiraqw na yeye Mbarabaig, watu ambao babu zetu walikuwa hawakai meza moja, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Nikaenda kuosha mikono ambayo haikuwa michafu sana.

Baadaye nikamwambia kwamba ile niliyoitoboa nitamtafutia nyingine ya aina ile ile, hata kama itabidi niagize Arusha. Akakataa. "Iache huko kulia," akasema. "Hata yeye alikuwa anaugua mafua."

Hiyo ndiyo habari ya spika. Sasa nikuambie kwa nini nimekuandikia wewe na si mtu mwingine.

Siku ile, wakati nimekaa chini baada ya kujua kwamba spika ilikuwa nzima, sikuwa namfikiria Mzee Gidahoda. Nilikufikiria wewe ukiwa darasa la tano. Ulikuwa wa pili, ukashuka hadi wa thelathini na kitu. Daftari lako limejaa makosa, ya kunakili tu. Mimi nikaona jibu mara moja: uvivu. Nilikuwa nimeona watoto wavivu, nikajua dalili zake. Nilikuchapa. Mara ya pili nilikuchapa mbele ya wenzako, pale kisimani, na wewe hukulia, ulinitazama tu huku umekunja macho, na mimi nikaona ni kiburi.

Mwalimu wako wa hesabu ndiye aliyeniita akaniambia, "Mama, huyu mtoto haoni ubao."

Ulikuwa unakunja macho ili unione.

Nilikupeleka hospitali ya Haydom, ukapimwa, ukapewa miwani. Unakumbuka tulivyotoka pale nje? Ulisimama katikati ya njia ukasema, "Mama, kumbe mti una majani mojamoja." Watu walicheka. Ulikuwa unageuka huku na huku, unautazama mlima, unanitazama mimi usoni kama mtu anayeniona mara ya kwanza, na furaha yako ilikuwa kubwa kiasi kwamba nikaona hakuna haja ya kusema lolote. Nikadhani miwani ni msamaha. Nikaziba kwa gundi, nikafunga kava, nikawasha kwa sauti ndogo, nikasikia hakuna mkoromo.

Lakini mkoromo upo. Nausikia kila ukiniambia "ndiyo mama" haraka haraka ili niondoke. Nausikia ulipopata barua ya chuo ukamwonyesha shangazi kwanza. Sikulaumu. Mtoto aliyepigwa kwa ugonjwa asioujua, hujifunza kuficha na ule anaoujua.

Hukuwa mvivu. Hukuwa na kiburi. Ulikuwa mzima, mimi ndiye niliyekutoboa.

Unakwenda kusomea uuguzi. Watu watakuja kwako wakikuambia wana nyuki mahali fulani, na wewe utakuwa umechoka, utakuwa umewaona kumi wa aina hiyo tangu asubuhi. Sina la kukufundisha kuhusu miili ya watu. Mimi huwa nashangaa tu kwamba utapewa ruhusa ya kuweka sikio kifuani kwa mtu na kusikia kitu kinapiga humo ndani bila mtu yeyote kukiwasha. Mimi kwa karatasi na sumaku tu nimekuwa mjinga wa mshangao maisha yangu yote. Wewe sijui utafanyaje.

Na siku utakapotoboa kitu, maana utatoboa, mwanangu, hakuna anayeshika bisibisi asitoboe, nakuombea apatikane mtu wa kukuambia "haya, tutafute."

Barua hii sitakupa kesho standi. Nilifikiria kufanya hivyo, niitie kwenye mfuko wa begi uisome ukiwa njiani. Kisha nikaona ni ujanja ule ule wa kuangalia tairi. Ukiisomea kwenye basi huwezi kunijibu.

Kwa hiyo nakupa sasa hivi, ukimaliza kukunja hizo nguo. Isome hapo nje penye mwanga. Mimi nitakuwa jikoni nasonga ugali. Baba yako bado hajarudi, tutakuwa wawili tu. Ukimaliza njoo, na useme chochote ulicho nacho moyoni, hata kama ni cha miaka yote hiyo, hata kama ni kwa sauti ya juu.

Mlango nimeuacha wazi.

Mama yako